Shajara ya mradi: statini, vichipukizi vya seli na swali la Mama

Wiki ya 1, Jumatatu

Kichupa kimoja cha seli za Neuro-2a kimetoka leo kwenye naitrojeni ya kimiminika. Nimekiyeyusha upesi kwenye maji ya nyuzi 37, nikaondoa DMSO (kimiminika kinacholinda seli zinapogandishwa), nikazimwaga seli kwenye chupa ya kuoteshea yenye chakula chake na seramu (maji ya damu yasiyo na chembe) asilimia 10. Kesho ndiyo nitajua ngapi zimeamka hai.

Neuro-2a zilitokana na uvimbe wa neva wa panya na zimekuwa zikioteshwa maabara tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa kuwa ni seli za saratani, hugawanyika bila kuchoka. Lakini asili yake haijafutika: zikibanwa kwa namna fulani huacha kugawanyika na kurefusha vichipukizi vyembamba, mithili ya nyuroni (seli za neva) changa. Mojawapo ya vitu vinavyozibana hivyo ni statini, zile dawa za kushusha kolesteroli. Jambo hilo linajulikana tangu miaka ya 1980. Ninachotaka kukiona kwa macho yangu ni sababu. Je, vichipukizi vinatoka kwa kuwa kolesteroli imepungua, au kwa kuwa kuna kitu kingine kimepungua pamoja nayo? Na seli yenye kichipukizi kirefu imekomaa, au inaelekea kufa?

Nina sababu ya nyumbani pia. Mama yangu, yuko Tanga, anameza atorvastatini, statini mojawapo, tangu alipopata kiharusi kidogo. Mwezi uliopita alinipigia baada ya kusikiliza sauti iliyosambazwa kwenye simu. “Mwanangu, eti hivi vidonge vinakausha ubongo?” Nilimwambia aendelee kumeza, nami nitamweleza vizuri nikishajipanga. Sijajipanga bado.

Wiki ya 1, Ijumaa

Seli zimeshika chini ya chupa na zinaongezeka. Nikizisubiri, nimechora upya njia ya mevalonati na kuibandika juu ya meza.

Mwili huanza na vipande vidogo vyenye kaboni mbili mbili. Kimeng'enya kiitwacho HMG-CoA ridaktesi ndicho kinachotoa mevalonati, yenye kaboni 6, na hapo hapo ndipo statini inapoziba. Mevalonati huzaa vipande vya kaboni 5. Vitatu vikiungana ni farnesili, kaboni 15. Farnesili mbili zikiungana ni skwaleni, kaboni 30, ambayo baada ya hatua nyingi hupunguzwa na kupindwa hadi kuwa kolesteroli yenye kaboni 27. Lakini farnesili moja ikiongezewa kipande kimoja tu cha kaboni 5, huwa geranilgeranili, kaboni 20, na hiyo haiendi kwenye kolesteroli kamwe. Hubandikwa kwenye protini kama mkia wa mafuta, ili protini ipate kujishikiza kwenye utando wa seli.

Waliokulia penye mifereji ya kumwagilia watanielewa. Ukiziba maji kule juu kwenye banio, hukaushi jaruba moja tu ulilolikusudia. Yanakauka yote ya chini. Statini huziba kwenye banio.

Protini ninayoitilia shaka zaidi ni RhoA. Kazi yake mojawapo ni kukaza nyuzi za aktini ndani ya seli, na seli iliyokazwa haitoi kichipukizi. RhoA isiyo na mkia wake wa geranilgeranili huelea tu kwenye maji ya seli, mbali na utando inakotakiwa kufanya kazi. Kwa hiyo dhana yangu ni kwamba kolesteroli haina hatia. Nitajaribu kuivunja dhana hiyo kwa kila njia niliyo nayo.

Wiki ya 2, Jumatano

Jaribio la kwanza limeharibika, na ni kosa langu.

Nilipanda seli kwenye sahani ya visima 24, siku ya pili nikashusha seramu kutoka asilimia 10 hadi asilimia 1, ili dawa isishikwe na protini za seramu, halafu nikaweka simvastatini, statini nyingine, kwa ukolezi wa mikromola 5. Baada ya saa 48 visima vya dawa vilijaa vichipukizi. Nilifurahi kwa muda wa dakika kumi hivi, hadi nilipotazama visima vya kulinganishia, visivyo na dawa. Navyo vilikuwa na vichipukizi.

Neuro-2a hutoa vichipukizi kwa kupunguziwa seramu peke yake. Nililisoma hilo, nikalisahau. Seramu ina vichocheo vya kukua, na pia ina asidi ya lisofosfatidiki, ambayo huiamsha RhoA na kuifanya seli ijikunyate. Ukiiondoa seramu, unailegeza seli kabla dawa haijafika. Sasa nitabaki na seramu asilimia 5 kwenye visima vyote, na nitahesabu upya.

Kanuni ya kuhesabu nimeiandika ukutani ili nisijidanganye: seli inahesabiwa kuwa na kichipukizi iwapo kimezidi mara mbili upana wa kiwiliwili chake. Picha zinapigwa sehemu zilizopangwa kabla, si pale panapovutia. Mwenzangu anafunika majina ya visima kwa vibandiko kabla sijaanza. Asilimia sitaziandika kwenye shajara hii mpaka marudio ya tatu yaishe. Nimeshaona watu wakiipenda namba ya kwanza kiasi cha kushindwa kuiacha.

Wiki ya 3, Jumanne

Seramu asilimia 5, dawa ile ile, na hakuna kitu. Seli zimetulia kama hazijaguswa.

Nimekaa na jambo hili tangu asubuhi, na jibu lilikuwa kwenye kichupa. Simvastatini inauzwa ikiwa imefungwa umbo la pete, laktoni. Ndani ya mwili, ini na vimeng'enya vya damu huifungua pete hiyo na kuifanya asidi, na asidi ndiyo inayoziba kimeng'enya. Kwenye sahani yangu hakuna ini. Seli zenyewe zinaweza kuifungua kidogo, lakini kwa kiasi usichoweza kukitegemea.

Kwa hiyo nimeifungua mwenyewe. Miligramu 4 za simvastatini kwenye mikrolita 100 za ethanoli, nikaongeza mikrolita 150 za sodiamu haidroksaidi ya normali 0.1, nikaweka kwenye nyuzi 50 kwa saa mbili. Kisha asidi ya haidrokloriki kidogo kidogo hadi pH 7, na maji hadi ujazo utimie mililita 1. Hiyo ni karibu milimola 10. Nimeigawa kwenye vichupa vidogo, nikavigandisha. Visima vya kulinganishia vitapata mchanganyiko ule ule wa ethanoli, sodiamu na asidi, bila dawa.

Nimeagiza pia pravastatini, ambayo huja ikiwa tayari imefunguka lakini inapenda maji, haipenyi utando kirahisi. Ini huichukua kwa mlango maalumu ambao seli za neva hazina wa kutosha. Nikiiweka kwa dozi ile ile na seli zisishtuke sana, nitajua kwamba kupenya ndani ni sharti.

Wiki ya 4, Alhamisi

Hii ndiyo wiki niliyoingojea.

Simvastatini iliyofunguliwa, mikromola 5. Saa 24: baadhi ya seli zimevuta viwiliwili vyake na kuwa mviringo, zikiacha ncha nyembamba pembeni. Saa 48: ncha zimerefuka. Nilipoweka jicho kwenye hadubini nilikumbuka marando ya viazi vitamu baada ya mvua ya kwanza, yanavyotambaa kutoka kwenye tuta kila moja na njia yake. Visima vya kulinganishia vimejaa seli bapa zilizobanana, zinaendelea kugawanyika. Visima vya pravastatini havitofautiani navyo sana.

Idadi ya seli kwenye visima vya simvastatini ni ndogo waziwazi. Hilo halinishangazi, statini huzisimamisha seli nyingi kwenye awamu ya G1, kabla hazijaanza kunakili DNA. Kwa seli ya ukoo wa neva, kuacha kugawanyika ni mlango wa kukomaa. Lakini kuacha kugawanyika si kukomaa. Nataka kuilinda tofauti hiyo.

Wiki ya 4, Ijumaa usiku

Saa 72 zimetimia. Mikromola 1: vichipukizi vichache, seli zina afya. Mikromola 5: vichipukizi vingi, na seli zilizoanza kuelea. Mikromola 10: vichipukizi vimekatika katika vipande kama shanga, viwiliwili vimesinyaa, chakula kimejaa mabaki. Kipimo cha MTT, ambacho seli hai hugeuza rangi ya njano kuwa zambarau, kimeonyesha ngazi hiyo hiyo: zambarau iliyokoza, kisha iliyofifia, kisha karibu njano.

Yaani seli zile zile nilizozisifu jana kwa mikono mirefu, leo nyingi zimekufa. Nimeirudisha picha ya saa 48 na kuitazama tena na tena nikitafuta dalili iliyonipita. Katika picha moja, seli inayonyoosha kichipukizi kwa uzima na seli inayokinyoosha kwa kuwa imekosa kitu cha kuikaza, zinafanana.

Wiki ya 5

Umeme ulikatika Jumapili usiku na jenereta haikuwaka. Inkubeta ilishuka hadi nyuzi 29. Nimetupa sahani zote na kuanza tena kwa kichupa kingine. Sina zaidi la kuandika wiki hii, isipokuwa historia, kwa kuwa nimepata muda wa kuisoma.

Statini ya kwanza ilitoka kwenye kuvu. Akira Endo, akiwa kampuni ya Sankyo huko Tokyo, alichuja maelfu ya aina za kuvu akitafuta inayoweza kuzuia utengenezaji wa kolesteroli. Aliwaza kwamba vijidudu vingine huhitaji mazao ya mevalonati ili kuishi, basi pengine kuvu fulani imejitengenezea silaha ya kuwakatia mazao hayo. Aliipata mwaka 1973 kwenye Penicillium citrinum, na kuitangaza mwaka 1976. Ndiyo kompaktini. Lovastatini, kutoka kuvu nyingine, Aspergillus terreus, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa Marekani, mwaka 1987. Endo alifariki mwaka 2024.

Wazo lake linanigusa kwa sababu linaonyesha kwamba tangu mwanzo kitu hiki kilikuwa silaha dhidi ya mevalonati yote. Kushuka kwa kolesteroli ni tunda moja la uzibaji huo, tunda lililookoa mioyo mingi. Jina “dawa ya kolesteroli” limetufanya tusahau majaruba mengine.

Wiki ya 7, Jumatano

Jaribio la kurudishia. Simvastatini mikromola 5 kwenye visima vyote, isipokuwa vya kulinganishia, halafu kila safu inarudishiwa kitu kimoja kati ya vile vilivyokatwa.

Safu ya mevalonati, mikromola 200: seli zimerudi kuwa bapa na zinagawanyika, kana kwamba dawa haikuwekwa. Hiyo ndiyo safu ya kwanza niliyotaka kuiona, kwa sababu inathibitisha kwamba ninachokiona kinatokana na kuzibwa kwa kimeng'enya kile na si sumu nyingine ya kichupa changu.

Safu ya kolesteroli, iliyopewa seli katika LDL (vifurushi vinavyobeba kolesteroli kwenye damu): haikubadilisha kitu. Vichipukizi vile vile, vifo vile vile. Nimerudia kwa seramu iliyoondolewa lipoprotini, yaani vifurushi kama hivyo, nikihofia kwamba seramu ya kawaida ilikuwa tayari inazipa seli kolesteroli ya kutosha. Jibu ni lile lile.

Safu ya skwaleni: hakuna. Iko kwenye mkondo wa kolesteroli, hivyo inakwenda pamoja na jirani yake.

Safu ya farnesili: kidogo tu. Nilidhani ingesaidia zaidi, maana farnesili ndiyo mzazi wa geranilgeranili. Kisha nikatazama mchoro wangu ukutani. Ili farnesili iwe geranilgeranili inahitaji kipande kimoja zaidi cha kaboni 5, na kipande hicho hutoka kwenye mevalonati ambayo nimeikata. Unampa fundi mbao na kumnyima msumari.

Safu ya geranilgeranili, mikromola 10: seli hazijarudi zote, lakini tofauti inaonekana bila hadubini kubwa. Vifo vimepungua sana. Vichipukizi vimepungua pia, ingawa si kwa kiwango cha mevalonati. Hiyo nafasi iliyobaki kati ya geranilgeranili na mevalonati inaniambia kwamba RhoA si mhusika pekee. Kuna kazi zilizochapishwa zinazoelekeza kidole kwenye kipokezi cha kichocheo cha ukuaji, EGFR, katika seli hizi hizi. Nimeacha ukurasa mtupu kwa ajili yake.

Wiki ya 8, Jumatatu

Msimamizi wangu alinitaka nilegeze RhoA bila statini yoyote. Nimetumia Y-27632, inayozuia kimeng'enya cha ROCK ambacho RhoA hukitumia kukaza aktini. Baada ya saa chache tu, vichipukizi. Na baada ya saa 48 seli bado ni hai, ziking'ara pembeni kama seli zenye afya zinavyong'ara.

Nimeandika mistari miwili kwa kalamu nyekundu. Kulegeza aktini kunatosha kutoa kichipukizi. Kukosa geranilgeranili kunalegeza aktini, na pia kunainyang'anya seli protini nyingine nyingi zinazohitaji mkia ule ule, zikiwemo Rac1 na Cdc42, ambazo huhitajika kurefusha na kuongoza kichipukizi chenyewe. Ndiyo maana statini inaanza kwa kutoa na inamaliza kwa kunyang'anya.

Hili limenisaidia kuelewa mgongano niliokuwa nikiusoma bila kuutatua. Mwaka 2004 watafiti walieleza nyuroni halisi za ubongo wa panya zikipoteza matawi yake chini ya statini, na wakaonyesha kwamba sababu ni upungufu wa geranilgeranili. Mwaka 2006 wengine wakaeleza pravastatini ikichochea matawi kwenye nyuroni za hipokampasi. Nilidhani lazima mmoja awe amekosea. Sasa naona kila mmoja alisimama mahali tofauti kwenye ngazi ile ile ya dozi, muda na upenyaji.

Wiki ya 9, Alhamisi

Kipimo cha kukomaa. Nimezipaka seli antibodi zinazowaka zikikuta protini tatu za nyuroni: tubulini ya beta III, MAP2 na nyurofilamenti. Beta III hainiambii mengi, kwa kuwa Neuro-2a huwa nayo hata kabla ya kuguswa. MAP2 na nyurofilamenti ndizo nilizozingojea. Kwenye seli nilizozipa asidi ya retinoiki, ambayo huzikomaza na ndiyo kipimo changu cha ukomavu, zimewaka hadi ndani ya vichipukizi. Kwenye simvastatini mikromola 1, zimewaka kwenye baadhi ya seli. Kwenye mikromola 5, seli nyingi zina kichipukizi kirefu kilichokaribia kuwa giza.

Na nilipoosha dawa kisha nikaziacha seli siku mbili kwenye chakula safi, zile za retinoiki zilibaki na vichipukizi vingi. Zile za simvastatini zilizosalia hai zilivirudisha ndani na kuanza kugawanyika tena.

Huu ni mzunguko wa kwanza wa kipimo hiki. Nahitaji miwili zaidi. Lakini kama ningeulizwa leo, ningesema ninachokiona kwenye mikromola 5 ni kuota bila kukomaa.

Wiki ya 9, Jumamosi

Nimempigia Mama. Niliandaa maelezo marefu na akayakata.

“Shikamoo Mama.”

“Marahaba mwanangu. Sema, vidonge vinanikausha ubongo au havinikaushi?”

Nikamwambia: Mama, mimi ninazimwagia seli za panya dawa iliyokolea zaidi ya mara mia kuliko ile iliyomo kwenye damu yako. Atorvastatini kwenye damu ya mtu hupimwa kwa makumi ya nanomola; dozi yangu, ile ya mikromola 5, ni nanomola 5,000. Na kwenye damu, zaidi ya asilimia 98 ya dawa hiyo imeshikwa na protini, haiko huru. Isitoshe sehemu kubwa huchukuliwa na ini kabla haijazunguka mwilini.

Nikamwambia pia kwamba ubongo haupokei kolesteroli ya chakula wala ya damu. Una uzito wa karibu asilimia 2 ya mwili lakini umebeba hadi robo ya kolesteroli yote, na yote hiyo hujitengenezea wenyewe nyuma ya kizuizi chake. Mwaka 2001 ilionekana kwamba seli za glia, zinazozihudumia nyuroni, hutengeneza kolesteroli ambayo nyuroni huihitaji ili kuunda maungio yake.

“Kwa hiyo watu wanaosema wanasahau, ni waongo?”

Hapana, nikasema. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza taarifa kwenye karatasi za statini kwamba baadhi ya watumiaji waliripoti usahaulifu na kuchanganyikiwa, hali isiyo nzito kwa kawaida na inayoisha dawa ikiachwa. Lakini jaribio kubwa la simvastatini lenye watu zaidi ya 20,000, na jingine la pravastatini kwa wazee wa miaka 70 hadi 82, hayakukuta tofauti ya akili kati ya waliomeza dawa na waliomeza kidonge kitupu. Na kwa mtu aliyewahi kupata kiharusi kama chake, dawa hii hupunguza uwezekano wa kingine.

Akanyamaza. Kisha akauliza kama nimekula. Nikamwomba, siku akiona anasahau zaidi ya kawaida yake, asiache kidonge kwa kusikia sauti ya mtu, aende kwa daktari wake na amwambie hivyo hivyo. Akasema ataniambia mimi kwanza. Tumekubaliana atatuambia wote wawili, mimi na daktari, siku hiyo hiyo.

Wiki ya 10, Jumatatu

Sahani sita zimepandwa. Marudio ya pili ya kuosha dawa, yakiwa na safu mpya: simvastatini nanomola 50, iliyo karibu na damu ya mtu, kwa siku saba badala ya mbili, seramu asilimia 5, chakula kibadilishwe kila baada ya siku mbili. Neuro-2a zitajaa kisima kabla ya siku saba, kwa hiyo nimezipanda chache sana, na mwenzangu ameshabandika vibandiko. Nafungua Jumatatu ijayo.